Funza Asiyetoka Kisiginoni

Najua mnachotazama. Mnatazama huku chini, halafu mnageuza macho haraka, kama mtu aliyekutwa anafunua sufuria ya mwenzake. Tazameni tu, akina mama. Paroko kaniomba niongee juu ya mguu, na mguu wenyewe haupo, basi angalieni pale ulipokuwa. Mkishatosheka, nitaanza.

Wengi mnanijua. Mimi ni Apolonia, mama yake Deo, nimeolewa hapa hapa Uru, nyumba ya pili ukishavuka mfereji. Sijazoea kusimama mbele ya watu. Kazi yangu ni kupika mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, na anayepika mbege huongea akiwa ameinama. Mkiona napotea njia, mnirudishe.

Kabla ya ugonjwa nilikuwa mtu wa miguu. Mnaikumbuka miaka ile kahawa ilivyoanza kututia wazimu. Wanunuzi binafsi walipanda huku na magari yao, leo wanasema bei hii, kesho wanasema ile. Baba Deo akawa anaikalia mibuni yake kimya kama anayekaa na mgonjwa. Sisi wanawake tukashika mbege, ndiyo iliyolisha nyumba. Asubuhi nakata majani ya ng'ombe, mchana nipo kwenye pipa la ndizi, jioni naanika ulezi ulioota ili nipate kimea. Viatu nilivaa Jumapili tu. Kihambani, kwenye shamba la nyumbani la migomba na kahawa, nani anavaa viatu?

Na miguu mitupu na zizi la ng'ombe, kiangazi kikiingia, ni funza. Hilo siyo jambo la kuoneana aibu hapa. Wifi yangu Skola, dada yake baba Deo, alikuwa fundi wa funza kijiji kizima. Anakukalisha juani, anashika mguu wako mapajani, anachoma pini kwenye moto, anaimba kidogo, na kabla hujalia kifuko cheupe cha mayai kiko juu ya pini. Halafu anapaka mafuta ya taa, anakupiga kofi la unyayo, anasema, "Haya, ondoka, umepona."

Siku moja nikaona doa jeusi kwenye kisigino cha kushoto, ukubwa wa punje ya ulezi. Lilikuwa linawasha kidogo. Nikamwita Skola.

Akachimba. Akageuza pini huku na huku. "Mbona huyu hana mayai?" akasema. Kilichotoka ni damu na uchafu mweusi kama masizi. Akasema, "Huyu alifia humo ndani. Nimemtoa." Akapaka mafuta ya taa, akanipiga kofi lake, tukacheka.

Lile doa likarudi. Skola akachimba tena. Likarudi tena, sasa pana zaidi, na kingo zake hazikuwa sawa, zilienda pembeni kama wino uliomwagika kwenye karatasi mbaya. Tukasema ni funza aliyejificha. Tukasema ni mba. Tukasema ni mwiba uliovunjikia ndani. Kila jina tulilipa isipokuwa lile lenyewe. Nataka mjue kwamba halikuuma. Kama lingeuma ningekwenda hospitali siku ile ile, maana mimi naogopa maumivu. Jino tu likiniuma nyumba nzima hailali.

Baadaye pale katikati pakafumuka nyama nyekundu, yenye maji maji. Ikawa inagandamana na kitambaa, na nikibandua inatoka damu. Kwenye paja, huku juu kwenye kinena, nikaota mtoki. Nao sikuujali. Tangu utoto tunajua kidonda cha mguu huleta mtoki, na kidonda kikipona mtoki nao hutulia. Nikaukanda kwa maji ya moto nikaendelea na ndizi zangu.

Aliyenitoa nyumbani ni baba Deo. Ni mtu mpole, hujawahi kumsikia akigomba. Jioni moja tunakula mtori wa ndizi na nyama, akaweka kijiko chini akasema, "Mama Deo, nisamehe. Mguu wako unanuka."

Nililia sana. Siyo kwa ugonjwa, ni kwa aibu. Asubuhi akaniandalia gari, tukashuka mjini hospitali.

Walikata kinyama kidogo wakakipeleka kupimwa, wakasema nirudi baada ya wiki kadhaa. Siku ya majibu nilikaa kwenye benchi na mama mmoja wa Mabogini, mkulima wa mpunga. Yeye doa lake lilikuwa chini ya unyayo, karibu na vidole. Tulioneshana. Lake lilikuwa dogo, kavu, safi, wala halikunuka. Nakumbuka niliona wivu. Nilisema moyoni, huyu ana bahati.

Daktari aliyetupokea alikuwa mtu wa Bukoba, mrefu, mwenye sauti ya chini. Akaniambia, "Mama, hii ni saratani ya ngozi. Ile mbaya, inayotembea. Tunatakiwa kukata mguu chini ya goti, na kusafisha mitoki ya kinenani. Na tufanye mapema."

Nikamwambia, "Daktari, mguu wenyewe hauumi."

Akanitazama. "Unafanya kazi gani, mama?"

"Napika mbege."

Akatabasamu. "Basi wewe na mimi tutaelewana. Kwetu tunatengeneza rubisi, nayo ya ndizi."

"Rubisi ile mnayokanyaga kwa miguu?" nikamwambia. Hata pale, na kidonda changu, nilipata ulimi. "Mbege haikanyagwi, daktari."

Alicheka, halafu akaacha kucheka, akavuta kiti. Alinieleza kama mtu anayemweleza dada yake. Alisema mwili umejengwa kwa chembe ndogo ndogo, zinaitwa seli, na kila seli inakaa mahali pake. Zimeshikwa na nyuzi nyuzi, na chini ya ngozi kuna utando mwembamba, ndiyo mpaka. Seli ya saratani haina meno wala kucha, haiwezi kuukata ule mpaka. Inachofanya ni kutema. Inatengeneza protini zake, inazitema nje, na zile protini zinayeyusha nyuzi na utando mpaka panapatikana njia. Seli inajivuta inapita. Ikikutana na kizuizi kingine, inatema tena.

"Protini?" nikasema. "Si ndizo mnazotuambia tukale maharage?"

"Za maharage kula, mama, tena kula sana. Hizi inatengeneza yenyewe." Akasogea karibu. "Ulezi ukiota, unajua unafanya nini kwenye uji?"

"Unaulainisha."

"Kwa nini? Ile mbegu inapoota inatoa vitu vya kuyeyusha unga wake wenyewe. Na vyenyewe ni protini. Sasa hii saratani ndivyo inavyofanya kwenye nyama yako. Na haifanyi peke yake. Inazishawishi hata seli nzima za jirani, nazo zinaanza kutema, zinaisaidia kubomoa."

Nyama yangu mwenyewe, iliyo nzima, inafungua mlango. Nikamuuliza, "Na mtoki?"

"Huenda imeshafika huko. Ninachoomba ni iwe haijavuka hapo."

Nilikataa. Nitawaambia ukweli, nilikataa. Nilisema nitakwenda kuongea na watu wa nyumbani. Yule mama wa Mabogini naye alitoka chumba cha daktari amefunga kitenge vizuri, akasema, "Nikishavuna nitarudi." Tukaagana getini. Alitembea bila kuchechemea.

Nyumbani mama mkwe alikuwa amekaa jikoni. Mlimjua wote, bibi wa watu, Mungu amlaze pema. Nilipomweleza akasema, "Mwanangu, mguu ukikatwa unakwenda wapi?"

Baba Deo akasema, "Tutauomba. Tutauzika kihambani."

"Kaburi halifunguliwi kwa nusu ya mtu," akasema mama. "Mguu ukitangulia utamwita mwenyewe."

Neno lile liliniingia. Hakulisema kwa ubaya, alikuwa ananipenda, na hilo ndilo lililonitisha. Nikakaa na mguu wangu. Siku zikawa zinapita, nafunga kitambaa, nafungua, naosha, nafunga. Mtoki ukaongezeka, ukawa mgumu, ukawa hausogei nikiubonyeza. Nilikuwa nikilala nausikiliza. Nilidhani nitasikia kitu kinatembea. Hakuna kilichosikika, na ule ukimya ndio ulioninyima usingizi.

Siku moja nikawa nampikia mama mkwe uji wa ulezi. Alikuwa hana meno, akipenda uji wenye nguvu lakini mwepesi. Tunavyofanya mnajua. Unapika uji mzito kweli kweli, unaepua, unaacha upoe kidogo, halafu unanyunyiza kimea. Nimefanya hivyo tangu nikiwa msichana na sijawahi kutazama. Siku ile nilikaa chini kwa sababu ya mguu, sufuria iko mbele yangu, mwiko umesimama wima katikati ya uji kama umechomekwa kwenye udongo.

Nikanyunyiza kimea. Kijiko kimoja. Nikakoroga mara chache, nikausimamisha mwiko tena pale pale, nikatazama.

Hapakuwa na povu. Hapakuwa na sauti. Uji ulikaa vile vile, rangi ile ile, unaapa kwamba hakuna kinachotokea. Kisha mwiko ukainama. Ukainama polepole, ukalala kwenye ukingo wa sufuria. Nilipoushika, chini palikuwa maji.

Nilipiga kelele. Mama mkwe akaja ameshika ukuta, baba Deo akatoka kwenye kahawa mbio na mkasi mkononi. Walidhani nimeungua. Nikasema, "Nipelekeni. Nipelekeni leo. Nayeyuka."

Wakanipeleka.

Nikifika kwenye upasuaji baadhi yenu hamtapenda, mzibe masikio. Walinichoma sindano ya mgongo, nikawa hai juu na mfu chini. Wakaweka pazia la kijani kifuani nisione. Lakini hawakuziba masikio yangu. Nilisikia msumeno. Siyo mkubwa, una sauti ya mtu anayekata tawi la mbuni kwenye kihamba cha jirani, hana haraka. Nesi mmoja alinishika mkono, nikawa nasali Salamu Maria, nikifika "sasa na saa ya kufa kwetu" naanza upya, sitaki kulimaliza lile neno. Kisha mtu akapita pembeni amebeba kitu mikononi, kimefunikwa, na nikajua ni mimi.

Kinenani walifungua wakatoa mitoki yote waliyoiona. Waliacha mpira unaotoa maji ya njano kwenye chupa, na nilikaa na chupa ile kando ya kitanda siku nyingi, nesi akiimwaga inajaa tena. Kidonda cha kinena kiliachia pembeni, kikatoa usaha, wakawa wanakisafisha kwa dawa inayochoma mpaka naona nyota. Paja likavimba, na hadi leo huvimba nikikaa sana. Daktari alikuwa akija kila asubuhi. Nikimuuliza, "Imevuka?" anasema, "Tusubiri majibu."

Mguu wenyewe baba Deo aliuomba. Walimpa umefungwa kitambaa, ndani ya mfuko wa rambo, naye akauweka kwenye kikapu. Alipanda nao kwenye pikapu ya watu wanaotoka sokoni. Jirani mmoja akamwambia, "Baba Deo, leo umenunua nyama?" Akajibu, "Ndiyo." Alinisimulia mwenyewe, baadaye sana, na alipofika hapo aliinuka akaenda kukamua ng'ombe, na ng'ombe alikuwa ameshakamuliwa.

Kufika nyumbani mama mkwe alisimama katikati ya njia, akaizuia. Baba Deo akatua kikapu, akaenda kwenye mpaka wa kihamba, akakata jani la isale. Akalifunga fundo, akapiga magoti mbele ya mama yake, akampa kwa mikono miwili. Ninyi watu wa hapa mnajua, ukiombwa msamaha kwa isale hukatai, hata kama mtu amekuulia mtoto. Mama akalipokea. Akakaa nalo muda mrefu. Kisha akamwambia, "Lete jembe," na yule bibi ambaye alikuwa hawezi hata kuinua ndoo ya maji akaanza kuchimba mwenyewe, chini ya migomba, mpaka mwanawe alipomnyang'anya jembe.

Niliporudi nyumbani ndipo mambo yalipoanza. Mguu uliwasha.

Siyo kigutu. Mguu. Kisigino kile kile, mahali pale pale, kana kwamba kuna funza. Naingiza mkono chini ya blanketi kujikuna, nakuna godoro. Mvua ikinyesha vidole vinapata baridi, na mimi nimekaa kando ya moto. Nilijua ni nini. Nilijua unaniita. Mama mkwe naye alijua, nilimwona akinitazama na rozari mkononi, na hakuna kati yetu aliyethubutu kulisema.

Mwishowe nilimwambia Skola, maana nilikuwa nakaribia kurukwa na akili. Nikamwambia, "Wifi, mguu wangu una funza." Hakucheka. Alitoka nje. Nikamwona kwa dirisha, amechuchumaa chini ya migomba kwenye udongo ule mpya, ana pini, anachoma choma ardhi huku analia. Akaimba ule wimbo wake. Halafu akaupiga udongo kofi. Sijui niseme nini, akina mama. Mguu uliacha kuwasha. Ulirudi kesho yake, naye akaenda tena.

Nilimweleza daktari. Akasema ni mishipa ya fahamu, ubongo bado unautafuta mguu, haujapewa habari. Akasema watu wengi waliokatwa viungo huwa hivyo, hata ambao viungo vyao vilichomwa moto. Nilipomrudishia mama mkwe maneno hayo alipumua akasema, "Mae! Kumbe ni kichwa tu." Tangu siku hiyo alinipikia mtori kwa mkono wake mpaka nguvu ikanirudia.

Majibu ya mitoki yalikuja. Mmoja ulikuwa nayo. Mmoja tu, ule mkubwa. Ilikuwa imeshaanza kuyeyusha ganda la mtoki ule kutokea ndani, alisema daktari, lakini mingine yote ya juu yake ilikuwa safi. Nikamuuliza, "Ingebaki muda gani?" Akafunga faili. "Mama, usiniulize hilo." Nikaelewa.

Siku hiyo hiyo natoka kusafishwa kidonda nikamwona yule wa Mabogini kwenye machela. Alikuwa amevuna. Mguu wake ulikuwa bado mzuri, kidonda kidogo vile vile, kikavu. Lakini alikuwa anavuta pumzi kama anapanda mlima, kwa kuwa saratani ilishaingia kwenye mapafu. Alinitazama kigutu changu. Akasema, "Wewe ulikubali." Nikamwambia, "Ndiyo, dada." Akafumba macho. Sikusikia tena habari zake, na sikuuliza. Mara nyingi huwa namwona getini pale, anatembea bila kuchechemea.

Miaka imepita. Kila nikienda, daktari ananibonyeza kinena, tumbo, shingo, ananisikiliza kifua. Kila mara anasema, "Sijakuta kitu." Mara ya kwanza nilimwambia, "Basi imekwisha?" Akasema, "Mama, neno nililo nalo ni hilo, sijakuta kitu. Chukua hilo." Nimelichukua. Nalikalia. Kila asubuhi kabla ya ishara ya msalaba nabonyeza kinena changu kwa vidole viwili, na wakati vidole vinatafuta, sipumui. Mbege napika, kwa sababu lazima tule. Kimea simwagi mimi. Namwita Skola, nami nageukia ukuta.

Mkiniambia nimepona nitasema asante, na namshukuru Mungu kweli, na yule daktari, na baba Deo aliyethubutu kuniambia nanuka. Ni mapenzi gani yale, kumwambia mke wako hivyo! Lakini msidhani hofu inakatwa pamoja na mguu. Mimi naishi nayo, tunakula pamoja. Ninayoyajua ni machache. Doa jeusi unyayoni lisilopona siyo la pini. Likirudi baada ya kuchimbwa, usilichimbe tena, nenda. Usisubiri liume, maana halina sababu ya kuuma. Na usimwambie daktari utarudi ukishavuna.

Nimemaliza kuongea. Sasa vueni viatu, wote, na soksi. Msione haya, hapa hakuna mwanaume isipokuwa paroko, naye kashatoka. Kila mmoja ashike mguu wa aliye kulia kwake, aangalie unyayo, aangalie kati ya vidole, aangalie chini ya kucha. Angalieni vizuri, mwanga upo.

Vizuri. Chekeni tu, najua mnatekenyeka.

Mama, wewe uliyekaa karibu na mlango, mwenye kitenge cha kijani. Wewe hujavua. Nimekuona tangu nilipotaja kisigino umevuta mguu chini ya benchi. Hapana, usiinuke, usiende. Hakuna anayekucheka hapa. Mpisheni njia, jamani, mnipishe na mimi. Nipeni magongo yangu. Kaa hapo hapo, mama, nakuja, nitakaa chini mbele yako, na utanipa huo mguu niushike.